Kufukiza ubani na udi katika nyumba ya baridi yenye unyevu: naomba ushauri wa wenyeji wa Mbeya na Iringa

Mama wa Uyole

Ndugu zangu, asalamu aleikum, na habari za huko mliko. Nimehamia Mbeya kutoka Tanga kwa sababu ya kazi ya mume wangu, na tumepanga upande wa Uyole katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye dari na madirisha ya vioo. Nimelelewa katika nyumba ambayo jua halizami kabla chetezo hakijapitishwa vyumbani, na ambayo kanzu na mabuibui ya Ijumaa hufukizwa tangu asubuhi, kwa hiyo nyumba isiyonukia ubani wala udi kwangu bado haijawa nyumba.

Tangu mvua zilipoanza, chumba tunacholala kimekuwa na uvundo usioondoka. Kabati la nguo lilikuwa limeegemea ukuta wa nje, na nilipolivuta nilikuta nyuma yake madoa meusi ya kuvu yaliyotambaa kutoka sakafuni hadi usawa wa goti. Shuka ninazozikunja zikiwa kavu kabisa hutoka humo kabatini zikiwa baridi na zenye harufu nzito. Nikifukiza udi usiku, chumba hupendeza kwa saa moja au mbili, kisha asubuhi tunaamka na harufu mbaya kuliko ya jana yake, kwa maana moshi uliolala umeshikana na uvundo katika mapazia na chandarua.

Yapo mengine mawili yanayonitatiza. Mtoto wetu wa pili, mwenye umri wa miaka minne, hubanwa kifua nyakati za baridi, na kliniki wametuambia tumwepushe na moshi. Tena, bibi mwenye nyumba, ambaye ni mtu mwema sana kwetu, ameniuliza zaidi ya mara moja ninachofukiza ni nini na kwa ajili ya nini, na nimetambua kwamba huku wapo watu ambao wakisikia harufu ya ubani jioni, kinachowajia kwanza ni mganga na majini. Sipendi kumkwaza, na wala sipendi kuacha jambo nililolelewa nalo.

Naomba wenye ujuzi mnieleze: ipo namna ya kufukiza bila kumdhuru mtoto? Ni mimea gani ya nyanda hizi inayoweza kuitia nyumba harufu nzuri bila moshi? Na huo uvundo wenyewe, unaondolewaje?

Muuguzi wa Kihesa

Dada, kamwene. Nitajibu upande wa afya kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza lakini ndilo linalonitia hofu kuliko yote, yaani kaa la moto ndani ya chumba kilichofungwa.

Kule Tanga madirisha hukaa wazi usiku kucha na upepo wa bahari hupita ndani kwa ndani, ndiyo maana wazee wetu wa pwani waliweza kufukiza kila siku bila kupata madhara makubwa. Huku kwetu, ifikapo Juni na Julai, watu hufunga madirisha, hushusha mapazia mazito, na wengine huziba kwa vipande vya magunia hata yale matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha. Kaa linaloungua katika chumba cha namna hiyo hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, viungo vyake hulegea, naye hudhani ni uchovu wa kutwa. Akilala hapo, huenda asiamke. Misiba ya familia zilizolala na jiko la mkaa ndani ili kupata joto si migeni katika mikoa yetu ya baridi.

Chetezo kina kaa moja au mawili tu, kwa hiyo hatari yake ni ndogo kuliko ya jiko, lakini kanuni haibadiliki: kisibaki chumbani mnapolala, hata kama kinaonekana kimezimika, kwa sababu kaa lililofunikwa na jivu huendelea kuungua kimyakimya kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo, chumba kinaponukia ubani, pua hushindwa kutambua kwamba kuna kitu kingine kinachoungua. Ikitokea watu wawili waliolala chumba kimoja wakaamka wote wanaumwa kichwa, fungueni milango, tokeni nje upesi, na mwende hospitali mkapewe oksijeni. Wengi hukimbilia kumnywesha mgonjwa maziwa. Maziwa hayaiondoi sumu hii mwilini, na yanaweza kumpalia mtu aliyelegea.

Kuhusu moshi wenyewe, ni vema tukubali kwamba moshi wa ubani ni moshi, hata kama umebarikiwa na una harufu ya kupendeza. Una chembe ndogo mno zinazofika hadi ndani kabisa ya mapafu, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango linachokipendekeza cha chembe hizo hadi wastani wa mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa mwaka, kiwango ambacho chumba chenye moshi unaoonekana kwa macho hukivuka mbali sana. Watu wengi hawajui kwamba hata dawa ya mbu ya kuzungusha imo katika kundi hili. Watafiti walioupima moshi wake, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003, walikuta kwamba koili moja hutoa chembe hizo kwa kiasi kinacholingana na sigara kati ya 75 na 137. Kama unafukiza udi na pia unawasha koili katika chumba cha mtoto anayebanwa kifua, anza kwa kuiondoa koili, umwachie chandarua.

Kwa mtoto wako ningefanya hivi. Chumba anacholala kisifukizwe kabisa, kiwe ni chumba cha harufu ya usafi na jua. Sebule ifukizwe akiwa shuleni au anacheza nje, mchana, madirisha yakiwa wazi, na asiingie mpaka moshi uwe umetoka na kubaki harufu tu katika mapazia. Umwangalie usiku wa siku hiyo: akikohoa zaidi, akitoa mlio wa mluzi kifuani, au mbavu zikaingia ndani anapovuta pumzi, basi mwili wake umekataa, na hapo hapana ujanja mwingine ila kuacha, na hizo mbavu zikiingia, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kama amepewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, asiachishwe kwa sababu mtu amesema majani ya mkaratusi yanatosha. Mafuta ya mkaratusi yanayouzwa katika vichupa yafungiwe mbali naye, kwa kuwa mtoto mdogo akinywa hata kijiko kimoja cha chai anaweza kupata degedege, na yasipakwe puani wala usoni mwake.

Muuza Manukato wa Mwanjelwa

Aleikum salaam, dada yangu. Mimi nauza ubani, udi na manukato, na ningependa wateja wangu wajue wanachokinunua, kwa sababu sehemu kubwa ya moshi mbaya majumbani inatokana na bidhaa duni na moto mkali kupita kiasi.

Ubani ni utomvu wa miti ya jamii ya Boswellia, inayomea katika nchi kavu za Somalia, Ethiopia, Oman na Yemen. Wavunaji hukwangua gome, utomvu hutoka mweupe, nao hukauka juu ya mti kabla ya kubanduliwa. Chembe nzuri hupitisha mwanga ukiinua dirishani, na ukiivunja ndani hung'aa. Ukiiweka mdomoni na kuitafuna, kwanza husagika kuwa unga mchungu kidogo, kisha hushikamana ikawa laini. Ikiwekwa penye moto wa wastani hutoa moshi mweupe mwepesi wenye harufu inayokaribia ya limau. Ukiona moshi mweusi unaoacha masizi kwenye dari, huenda ubani huo umechanganywa na utomvu wa mti mwingine.

Udi halisi ni habari nyingine. Unatokana na miti ya Aquilaria ya Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, ambayo hutengeneza utomvu mweusi wenye harufu pale tu shina linapojeruhiwa na kushambuliwa na kuvu, na miti hiyo imevunwa kiasi kwamba tangu mwaka 2004 jamii yake nzima iko chini ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Kwa hiyo udi unaouzwa kwa bei ya kawaida sokoni ni vipande vya mbao vilivyolowekwa manukato, au udi wa kupika, ambao ni mbao na unga wa sandali vilivyochanganywa na shira ya sukari, marashi na mafuta. Siulaumu udi wa kupika. Mama zetu wa pwani wanaupika kwa ustadi mkubwa na harusi nyingi hazikamiliki bila huo. Lakini sukari iliyomo, ikiangukia kaa jekundu, huungua papo hapo na kutoa moshi mkali unaokereketa koo, na huo ndio unaoamka nao asubuhi.

Dawa ya hilo ni jivu. Jaza chetezo jivu au mchanga mkavu hadi nusu. Kaa liwashwe nje, libaki huko mpaka lote liwe limefunikwa na ganda la kijivu na lisitoe moshi wake wenyewe. Likishawekwa katika chetezo, linyunyizie jivu jembamba juu, halafu chembe ya ubani isiyozidi punje ya maharage iwekwe pembeni ya kaa na si juu yake. Utaona inalainika, inachemka kidogo ukingoni, na harufu inatangulia kabla ya moshi kuonekana. Chembe moja inatosha sebule. Wengi huweka konzi nzima, nyumba ikajaa wingu, wakadhani ndiyo baraka.

Vile vidonge vya mkaa vya duara vinavyowaka upesi vimetiwa chumvi ya potasiamu naitreti, ndiyo inayorusha cheche. Subiri cheche ziishe kabisa, nje ya nyumba, ndipo uvitumie. Vijiti vya udi sivipendekezi kwa nyumba yenye mtoto wa kifua, kwa kuwa kijiti chenyewe, unga wa mkaa na manukato ya kiwandani vyote huungua pamoja na huwezi kuupunguza moto wake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sitaki kulipita. Huku nyanda za juu wapo watu wanaoleta mlangoni vipande na mizizi ya msandali kutoka vilimani, wakidai ni sandali ya bei nafuu. Harufu ya mti huu imejaa zaidi sehemu ya chini ya shina na mizizini, kwa hiyo anayeuvuna huung'oa wote, na mahali pale hapachipui tena. Msandali wa Tanzania nao uliingizwa katika mkataba ule ule mwaka 2013. Mimi siununui, na ninawaomba akina mama nao wasinunue, maana vilima vyetu vinamalizwa kwa kilo chache chache.

Mzee wa Tukuyu

Mwanangu, karibu sana nyanda za juu. Huku kwetu Rungwe mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, na mwenye nyumba Tukuyu hujifunza mapema kwamba harufu nzuri haikai juu ya unyevu. Waliotangulia wamekueleza vizuri habari za moto. Mimi nitazungumzia nyumba.

Kila mtu anayelala chumbani hutoa mvuke kwa pumzi yake. Nguo zinazoanikwa ndani hutoa mvuke, na chungu kinachochemka hutoa mvuke. Usiku wa baridi mvuke huo wote hukimbilia mahali palipo baridi zaidi, napo ni ukuta wa nje uliofichwa nyuma ya kabati, ambako hewa haipiti, nao hugeuka maji, na kuvu haihitaji zaidi ya hapo. Ndiyo maana ubani haukukusaidia. Kuvu iko hai, inakula rangi na vumbi la ukutani, na moshi wako unapita juu yake tu.

Sogeza kabati hadi mkono upite nyuma yake, na kama inawezekana lihamie kwenye ukuta wa ndani. Asubuhi usikimbilie kufungua madirisha alfajiri wakati ukungu bado umetanda nje, kwa sababu hewa hiyo nayo imelowa. Subiri mpaka jua litoke, mnamo saa nne hivi, ndipo ufungue madirisha ya pande mbili zinazoelekeana ili upepo uvuke, hadi saa tisa. Magodoro na mito itolewe nje kila siku ya jua. Mwezi Februari, siku za jua zinapokuwa chache, sisi hutoa nje hata milango ya kabati.

Sasa harufu. Wengi watakushauri uchemshe sufuria la maganda ya machungwa, karafuu na mdalasini. Ni harufu nzuri kweli, na haina moshi, lakini iangalie kwa majira. Kuanzia Juni hadi Oktoba, hewa ya Mbeya na Iringa inapokuwa kavu na vumbi linapeperuka, sufuria hilo linafaa sana, na linailainisha hewa pia. Wakati wa mvua linaongeza mvuke ule ule ninaokukataza. Majira hayo tumia vitu vikavu.

Mimi hukausha mchaichai, nanaa, rozimari na maganda ya machungwa juu ya dari ya jiko, ambako joto la moto hupanda. Mchaichai ukatwe asubuhi umande ukishakauka, ufungwe mafungu membamba, maana fungu nene huoza katikati kabla ya kukauka. Ukishakuwa mkavu kiasi cha kuvunjika kwa sauti, uukate vipande, uchanganye na karafuu chache zilizopondwa kidogo, utie katika vifuko vya kitambaa cha pamba na uviweke kati ya nguo. Harufu ikipungua, kifinye kifuko kwa vidole na itaamka tena. Rozimari inapenda baridi yetu na itakua hata kwenye kopo mlangoni, mradi maji yasituame. Mrehani na asumini za kwenu zitateseka Uyole. Hizo waachie ndugu zetu wa Kyela, kule chini ziwani kwenye joto, ambao mchele wao peke yake ukipikwa unanukia nyumba nzima. Matawi mabichi ya mkaratusi yaning'inize bafuni, si chumbani kwa mtoto, na uyabadilishe kila juma.

Na siku ukipika samaki, harufu ikakataa kutoka, kaanga kahawa mbichi ya Mbozi, kiganja kimoja, katika kikaango kikavu huku mlango wa jikoni ukiwa wazi. Hakuna inachoshindwa.

Fundi wa Mafinga

Nakubaliana na Mzee, shikamoo yake. Nyongeza yangu ni fupi. Kuvu inayopanda kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, kama ulivyoieleza, mara nyingi si ya mvuke peke yake. Ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Zunguka nje upande ule ule ukaangalie. Je, udongo au bustani imejazwa hadi juu ya msingi? Je, gata limetoboka, maji ya bati yanamwagika pale pale ukutani? Je, bafu liko upande wa pili wa ukuta? Mweleze mwenye nyumba achimbe udongo ushuke chini ya usawa wa sakafu na atengeneze mfereji wa kuyapeleka maji mbali. Baada ya ukuta kukauka, na si kabla, ukwanguliwe, upakwe chokaa, kwa kuwa kuvu haipendi chokaa. Rangi ya mafuta isipakwe juu ya ukuta uliolowa, itafura na kubanduka.

Kabati la mbao lifutwe kwa siki nyeupe, likaushwe juani. Ukitumia jiki ukutani, usiichanganye kamwe na siki, maana vikikutana hutoa gesi ya klorini yenye sumu.

Na kwa kuwa Muuza Manukato ametaja utomvu wa miti mingine: huku Sao Hill misindano ni mingi na utomvu wake hupatikana kwa urahisi, na wapo wanaouchoma majumbani kwa kuwa unanukia msitu. Usiuchome ndani. Unatoa masizi, na moshi wake unajulikana kuwaletea pumu mafundi wanaouvuta kila siku kazini wakati wa kulehemu nyaya. Maua ya pareto tunayolima huku yana piretrini, ambayo ni sumu ya wadudu, kwa hiyo nayo hayamo katika habari za manukato.

Mama wa Uyole

Wazazi wangu na ndugu zangu, ndaga fijo, kama ninavyosikia wenyeji wakishukuru. Nimetoka nje kuangalia, na ni kweli: bustani ya maua imepandishwa hadi imefunika msingi, na gata la kona ile limeachana katika maungio. Nitamweleza bibi.

Nabaki na maswali matatu madogo. Mtu amenipa vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini, vyenye harufu kali ya kufukuza nondo. Je, vinafaa mahali pa vifuko vya mchaichai? Mnanishauri nimweleze vipi bibi mwenye nyumba habari za ubani? Na nguo za Ijumaa, ambazo hasa ndizo nisizoweza kuziacha, nizifukize wapi?

Muuguzi wa Kihesa

Vidonge hivyo, kama ni vya naftalini, viondoe. Mvuke wake huingia mwilini kwa pumzi na hata kwa nguo na mablanketi yaliyohifadhiwa navyo, na kwa mtu aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ambayo ni ya kawaida katika nchi zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, unaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Watoto wachanga ndio wanaoumia zaidi, hugeuka manjano na kuishiwa damu. Tena vinafanana na peremende, na mtoto wa miaka minne haviachi. Nguo zilizokaa navyo zianikwe nje siku kadhaa, zifuliwe, ndipo zivaliwe.

Mwanakwaya wa Njombe

Dada yangu, kuhusu bibi, mimi ni Mkatoliki na ningependa ujue kwamba ubani si mgeni huku kama unavyoweza kudhani. Kanisani kwetu chetezo kinafukizwa katika misa za sikukuu, altare, Injili na waumini wote, na jeneza la marehemu hufukizwa kabla ya kupelekwa makaburini. Mamajusi katika Injili ya Mathayo walileta dhahabu, uvumba na manemane. Bibi huyo huenda ameinusa harufu hiyo maisha yake yote, ila hajaizoea kutoka nyumba ya jirani, jioni, milango ikiwa imefungwa. Kinachowatia watu wasiwasi ni siri.

Kwa hiyo fukiza mchana, mlango wa mbele ukiwa wazi, kama Muuguzi alivyosema kwa ajili ya mtoto. Mkaribishe bibi akae sebuleni, apate chai, aone chetezo chenyewe, aishike chembe ya ubani mkononi, na umweleze kwamba kwenu ni usafi wa nyumba na heshima ya siku ya Ijumaa. Mpe na yeye kidogo katika karatasi. Mazungumzo ya gata na bustani yafanye siku hiyo hiyo lakini baadaye, ukishampa heshima yake, kwa maana mzee wa kwetu akikaribishwa kwanza husikiliza vizuri zaidi.

Muuza Manukato wa Mwanjelwa

Nguo zifukize barazani au uani, asubuhi ya Alhamisi au siku yoyote isiyo na ukungu. Chukua tenga la matundu makubwa, ligeuze kifudifudi juu ya chetezo, na hakikisha kitambaa hakiwezi kushuka na kugusa kaa. Nguo ziwe kavu kabisa, kwa sababu nguo yenye unyevu hubeba harufu ya moshi badala ya harufu ya udi. Zitandaze juu ya tenga, kanzu chini na mitandio juu, kwa dakika kumi hadi kumi na tano, ukizigeuza mara moja, na usiondoke pale mpaka umalize, hasa kama kuna upepo. Kisha zitungike kwenye kamba kwa nusu saa ili moshi utoke na harufu ibaki. Hapo ndipo ziingie ndani. Kaa lililobaki limwagie maji mpaka liache kufoka, halafu likoroge na ulimwagie tena. Ubani na udi viweke katika makopo mawili tofauti yanayofunga vizuri, mbali na jiko, kwa kuwa unyevu wa Mbeya huifanya shira ya udi wa kupika inate na kuota kuvu, na ukishaota usiufukize, utupe.